Mistari Mitatu juu ya Jiwe

Nimestaafu, lakini hasira zangu bado ziko kazini. Tindo nimezifunga kwenye gunia chini ya kitanda, macho yamepungua, na daktari ameniambia kifua changu kimejaa vumbi la mawe. Hayo nimeyapokea. Nisichoweza kupokea ni kupita makaburini siku hizi na kukuta marumaru za bafuni zimepangwa juu ya mtu, picha imechapwa kwa mashine, marehemu amevalishwa kwa kompyuta koti ambalo hakuwahi kuwa nalo, na chini yake herufi za dhahabu: MAMA FULANI. Sasa nauliza, huyo Fulani ndiye aliyekufa?

Ninyi vijana mnaochonga mawe pale Mwanjelwa mliniomba niwaeleze kazi hii ilikuwaje zamani. Nadhani mlitaka vituko. Vituko vipo, nitawapa. Lakini nitawapa na yale yanayonikosesha raha, maana ndiyo kazi yenyewe, na mkiona napandisha sauti mnivumilie. Mimi ni mwanamke niliyeandika majina ya wafu maisha yangu yote ya kazi, Iringa kwanza, kisha Mbeya, na mpaka leo wauza nyanya wa Mwanjelwa wananiita Mama Makaburi. Wengine wakiniona wanavuka barabara. Wangejua kwamba na mimi nikiwaona nawapima urefu kwa macho, wangekimbia kabisa.

Kazi nilifundishwa misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa, ambako baba yangu alikuwa dereva. Sisi ni watu wa Tukuyu, baba alifuata ajira tu. Pale misheni palikuwa na karakana ya mawe, na mwenye karakana alikuwa Bruda Renzo, Mwitaliano mfupi, mkali, mpenda ugali. Wasichana tulitakiwa kwenda kwenye cherehani. Mimi mshono wangu ulikuwa unapinda mpaka sista akachoka. Siku moja akanishika mkono, akanipeleka karakana, akamwambia Bruda, "Huyu mpe nyundo." Alidhani ananipa adhabu.

Ukutani mwa karakana Bruda alikuwa amebandika karatasi kubwa iliyosuguliwa makaa juu ya jiwe ili maandishi yatokee. Karatasi hiyo ilitoka kwao, kijiji kimoja si mbali na Roma. Baba yake alikuwa analima shamba la mizabibu, jembe likagonga kisanduku cha marumaru. Kidogo tu, unaweza kukipakata. Kifuniko chake ni kama paa la nyumba, ubavuni kimechongwa shada la majani na matunda, na katikati kuna kibao chenye maandishi ya Kilatini. Mama yake Bruda alikipenda sana. Akakijaza udongo, akapanda rihani, akakiweka mlangoni pa jiko. Bruda alijifunza herufi zake za kwanza kwa kupitisha kidole kwenye kile kibao huku mama yake akichuma majani ya kutia kwenye mchuzi.

Miaka ikapita, siku moja padre wao akaja kula. Akainama akasoma, akanyanyuka amebadilika rangi. Akamwambia mama yake Bruda, "Mama, wewe unapanda mboga ndani ya mtu."

Tuliposikia hayo tulitupa tindo. Bruda akatueleza kwamba Warumi wa kale, enzi za makaisari, walikuwa wanachoma maiti juu ya kuni. Kisha ndugu wanaokota mifupa na majivu, wanayaosha kwa divai, wanayatia ndani ya chombo. Mwenye uwezo chombo chake ni cha marumaru, mwingine cha kioo, asiye nacho chungu cha udongo. Mwenzangu wa karakana, Kaspari, kijana wa Kalenga, akafanya ishara ya msalaba. "Bruda, walikuwa wanachoma mama zao?"

"Walichoma," Bruda akasema. "Lakini hawakusahau."

Vyombo vile, akasema, wengine walivipanga kwenye nyumba za chini ya ardhi, kuta zake zimejaa vitundu kama banda la njiwa, na chini ya kila kitundu kuna kijibao. Na wengi waliolala mle, sikilizeni vizuri, walikuwa watumwa au watu waliokuwa watumwa. Watu walionunuliwa sokoni kama mbuzi! Lakini kijibao kinasema jina. Kinasema huyu alikuwa msusi, huyu mkunga, huyu mpima sufu. Na kinasema nani amemwekea. Kile kisanduku cha rihani kilikuwa cha mjakazi msusi wa nywele, na aliyemwekea ni mjakazi mwenzake wa nyumba hiyohiyo. Si bwana wao. Si mtoto. Mwenzake.

Hapo ndipo Bruda alipotupa sheria yake, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa. "Jiwe ina mistari tatu. Moja, jina. Pili, mikono yake ilifanya nini. Tatu, nani analia. Ya nne ni maringo." Nimefanya kazi kwa sheria hiyo mpaka nilipofunga karakana, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtia Bruda hofu. Mafundi wa Kirumi, kama ninyi, walikuwa wanachonga visanduku vya akiba, shada limeshawekwa, kibao kimeachwa kitupu, mteja akija ndipo jina linaandikwa. Sasa vimepatikana vingine vina mifupa ndani na kibao bado kitupu. Mtu kachomwa, kaokotwa, kaoshwa kwa divai, katiwa ndani ya marumaru safi, na hakuna aliyerudi kuandika jina. Bruda akisimulia hilo alikuwa anatazama pembeni.

Kazi yangu ya kuhitimu ilikuwa kuchonga kisanduku kama kile, kwa marumaru ya Songwe. Shada nililitoa vizuri. Kifunikoni nilitoboa tundu dogo, maana Warumi walikuwa na tundu la kumimina divai ili marehemu naye apate yake siku ya kukumbukwa. Kibao Bruda aliniambia nikiache kitupu. "Hiyo weka," akasema. "Siku moja utajua ya nani." Nilikuwa nimekiweka kwa ajili yangu mwenyewe.

Sasa mambo ya mikono kidogo, maana ninyi mnapenda mashine. Jiwe usiliamini mpaka uligonge. Jiwe zima linalia, lenye ufa linakohoa. Limwagie maji, ufa utakauka mwisho. Herufi usiipime kwa rula, ipime kwa jicho, kwa sababu A ikikaa karibu na V zinaachiana pengo ambalo rula hailioni. Chora kwanza kwa brashi, kaa mbali, kunywa chai, rudi utazame. Na ukimaliza usilitazame jiwe kutoka mbele kama mpiga picha. Liweke jua la asubuhi lilipige ubavuni. Herufi ya kuchongwa inasomeka kwa kivuli chake, ndiyo maana ile ya Bruda ilisomeka baada ya kukaa ardhini muda wote ule, na hizi za rangi ya dhahabu zinabanduka kabla mjane hajavua nguo nyeusi.

Kaspari hakunywa chai. Alipewa jiwe la mzee mmoja mwenye jina refu la ukoo wa kwetu, akaanza herufi kubwa za kujionyesha, akafika ukingoni bado jina halijaisha. Akageuza kona. Akaendelea ubavuni! Bruda alilizunguka lile jiwe polepole, akamuuliza, "Kaspari, mjane atazunguka kaburi ili asome mume wake?" Jiwe likawa benchi letu. Tukawa tunakunywa chai tumekalia nusu ya mzee, na nusu nyingine inatutazama miguuni.

Mashine za leza zilipoingia Mbeya, watu walidhani nitazichukia. Sina ugomvi na mashine. Inakata vizuri, haitetemeki, haina kikohozi. Ubaya wake ni mmoja: haiulizi. Unaiandikia upuuzi, inachonga upuuzi, inasubiri mwingine. Nyie mna midomo. Nitawaambia kwa nini napiga kelele juu ya hilo.

Mwaka wa mwisho wa karakana yangu alikuja mteja, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa amechaguliwa diwani. Simtaji. Tangu achaguliwe alikuwa anataka aitwe Mheshimiwa, basi na mimi nimwite hivyohivyo. Mama yake alikuwa amezikwa kijijini Kilolo, na familia ilikuwa inajiandaa kuzindua kaburi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Nataka jiwe la nguvu, jeusi. Watakuja watu wakubwa mpaka wa mkoani."

Akanipa simu yake nisome maneno. Juu kabisa: MAMA MHESHIMIWA. Katikati, Kiingereza cha kumtakia apumzike, na marehemu Kiingereza hakujua hata salamu. Chini: FAMILIA YA MHESHIMIWA DIWANI. Nikarudisha simu.

"Jina lake nani?"

"La nani?"

"La mama yako, baba."

Akacheka kidogo. "Mama Mheshimiwa. Kilolo yote wanamjua hivyo. Zamani walimwita Mama Edo, mimi ndiye Edo."

"Na kabla hujazaliwa aliitwa nani?"

Akakuna kidevu. "La ubatizo ni Elizabeti. Basi weka hilo Elizabeti, ila dogo, pale chini."

"La kwao je? Alilopewa na wazazi?"

"Aa, mama, wazazi wake mimi siwajui. Alitoka huko kwenu Unyakyusa, mzee alimleta kijana kabisa."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hakuwa na kazi. Mama wa nyumbani tu."

Hakuwa na kazi! Mwanamke amezaa, amelima kwenye baridi ya Kilolo, amechota maji kwenye mteremko unaoteleza, amemkuza mtu mzima mwenye tumbo na gari, na huyo mtu anasimama mbele yangu akiwa ameshiba ananiambia hakuwa na kazi. Nilitaka kumpiga na nyundo ndogo. Nikamwambia tu kwamba sichongi jiwe la kaburi ambalo sijaliona, nitakwenda kupima. Hilo nalo lilikuwa kweli, nanyi mlishike: kaburi lina mteremko wake, lina jua lake, usiandike kwa kukisia.

Nilifika Kilolo ukungu haujanyanyuka. Nyumba ya familia ilikuwa imefungwa, lakini juu ya kaburi alikuwapo mwanamke mzee ameinama anang'oa majani kwa mkono. Nikamsalimu kwa salamu ya pale. "Kamwene, mama." Akaitikia bila kugeuka, kisha akasema na kaburi.

"Tusekile, amekuja mtu ana futi. Nadhani anakupima."

Nikasimama. Tusekile ni jina la kwetu, la furaha, mtoto anapewa nyumba inapokuwa na kicheko. Sikuwa nimetegemea kulisikia Uheheni, kwenye ukungu, kutoka kwa mtu ambaye lafudhi yake ni ya Kilolo kabisa. Nikakaa chini, nikamuuliza yeye ni nani.

Aliitwa Twilumba. Alikuwa mke wa pili wa mume huyohuyo. Baba yake Mheshimiwa alipotaka kurudi kwenye meza ya Bwana, wazee wa kanisa wakamwambia abaki na mke mmoja, naye akabaki na wa kwanza. Twilumba hakufukuzwa, aliachiwa nyumba ndogo ya nyuma, lakini hakuwa tena mke wa mtu. Hakuwa na mtoto wa kumpa jina la mama. Watoto wa nyumba kubwa wakafundishwa kumwita Bibi wa Nyuma. Siku ya maziko wasifu wa marehemu ulisomwa mrefu, wakatajwa mpaka majirani, yeye hakutajwa.

"Mlikuwa mnaelewana?" nikamuuliza.

Akanionyesha vidole. Ncha zake zilikuwa zimechanika na kupona, zimechanika na kupona. "Milulu," akasema. Mnaijua, yale majani ya mtoni wanayosukia vikapu vya Iringa. "Alipokuja hapa alikuwa hajui kusuka. Mimi ndo nilimfundisha. Mwisho akanipita, kikapu chake unatia maji hayatoki. Huyo Edo karo yake ilitoka humu." Akapiga vidole kwenye goti. "Mtoto kasomeshwa na vikapu, leo anavionea aibu."

Nikamuuliza kwa nini hakuna mwingine anayelijua hilo jina.

"Nani amwite? Mume alimwita Mama Edo. Wakwe hawatamki jina la mkwe. Mchungaji alimwita Elizabeti. Tukikaa wawili na milulu yetu, basi, mimi Twilumba, yeye Tusekile. Sasa mimi hakuna tena wa kuniita."

Nikamsimulia habari za Warumi. Nilimwambia juu ya visanduku, juu ya majivu, juu ya tundu la kumiminia divai. Hapo akacheka mpaka akakohoa. "Wanammwagia marehemu pombe? Basi hao walikuwa Wahehe. Ila kuchoma watu, hapana, hapo waliharibu." Kisha nikamwambia juu ya yule mjakazi aliyewekewa na mwenzake. Akaacha kucheka.

"Mwenzake?"

"Mwenzake. Walitumika nyumba moja."

"Na ikaandikwa hivyo kwenye jiwe?"

"Ikaandikwa. Inasomeka mpaka leo."

Akafuta mikono kwenye khanga. "Basi na mimi niandike," akasema.

Nilipofika mjini nilimpigia Mheshimiwa. Nilikuwa na furaha, niwaambieni ukweli, nilidhani nampelekea zawadi. "Mheshimiwa, jina la mama yako nimelipata..." Hakunipa nafasi.

"Mama, usihangaike. Nimempa kijana wa leza, jiwe limeshatoka. Mimi nilitaka jiwe, wewe ukaenda kufanya upelelezi." Akakata.

Mtu anakwambia nimelipata jina la mama yako, wewe unakata simu! Ningekuwa nimempigia kusema nimepata funguo za gari lake angengoja nimalize. Usiniambie alikuwa na shughuli nyingi. Mtumwa wa Roma alikuwa na shughuli nyingi, alikuwa anaamshwa kwa mjeledi, na bado alipata wasaa wa kumwandikisha mwenzake jina.

Basi nikakitoa kisanduku changu cha Songwe. Nilikifuta vumbi, nikakigonga, kikalia vizuri. Nikakielekeza dirishani jua la asubuhi likipige ubavuni, nikachonga:

TUSEKILE
MSUKA VIKAPU
TWILUMBA MWENZAKE AMEMWEKEA

Nilikipeleka Kilolo mwenyewe. Sisi hatuchomi watu, majivu hatukuwa nayo. Twilumba aliingia ndani akatoka na kitako cha kikapu, kile Tusekile alichokuwa amekianza akaugua, milulu bado imesimama pande zote haijafungwa. Akakitia ndani, akafunika, akakiweka miguuni pa kaburi. Akapitisha kidole kwenye mstari wa tatu. Kusoma hajui, akaniuliza jina lake linaanzia wapi, nikamwonyesha.

Siku ya kuzindua nilikwenda. Kulikuwa na mahema, mshereheshaji mwenye suti inayong'aa, na kamera ya kuruka inayovuma juu ya vichwa vya watu mpaka kuku wakajificha. Kitambaa kilipotolewa, MAMA MHESHIMIWA ikameremeta, na watu wakapiga makofi. Kaburi linapigiwa makofi! Mimi na Twilumba tulisimama nyuma ya hema la chakula, na kisanduku chetu kilikuwa kimefunikwa na mashada ya maua ya plastiki. Sikujali. Nilijua plastiki itapeperuka na jiwe litabaki.

Haukupita muda mrefu, Twilumba akanipigia kwa simu ya jirani. "Kisanduku hakipo. Kifuniko wamekiacha. Na kile kitako nimekikuta kwenye majani."

Nilitafuta nyumba ya Mheshimiwa Mbeya nikamuulize, haikuwa kazi, ina ukuta mrefu kuliko wa benki. Na sikuhitaji kubisha hodi ili nijue. Kilikuwa pale getini. Kazi ya mikono yangu naijua, kila jani la lile shada nalijua. Kimejazwa udongo, kimepandwa waridi.

Mkewe alikuwa anamwagilia. Mama mpole, akanikaribisha vizuri. Nikamuuliza chombo kile kimetoka wapi.

"Hicho? Mume wangu alikileta kutoka Kilolo siku ya kaburi. Alisema wapambaji wamekisahau." Akainamisha ndoo. "Mimi kila nikimwagilia najiuliza, hivi Tusekile ni nani?"

Mheshimiwa alikuwa ametoka barazani na ndara zake, ananikaribisha. Akamjibu mkewe kabla yangu. "Si akina mama waliotengeneza? Tusekile na Twilumba. Kikundi cha wajasiriamali hicho, wanasuka na vikapu, kimeandikwa hapo."

Vijana, nimegombana na watu wengi. Nimemfukuza mteja kwa ufagio. Siku ile sauti haikupanda, ilitoka ndogo tu.

"Tusekile ni mama yako," nikamwambia. "Twilumba ni yule mnayemwita Bibi wa Nyuma."

"Mama yangu aliitwa Elizabeti."

"Hilo aliitwa na mchungaji."

Akatazama kisanduku, akanitazama mimi. "Mbona hakuniambia?"

"Ulimwuliza lini?"

Mkewe alikuwa ameshaweka ndoo chini. Akapiga magoti, akaanza kuung'oa ule mwaridi kwa mikono, miiba na yote. Mheshimiwa akachuchumaa, tumbo linamzuia, akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma. Alipofika mwisho akasema, si kwangu, nadhani alikuwa anasema na nafsi yake, "Kulikuwa na takataka ndani. Majani makavu. Nikatupa."

Kisanduku kimerudi Kilolo, na kitako cha kikapu kimo ndani, maana Twilumba alikuwa amekiokota akakihifadhi. Mheshimiwa alikirudisha mwenyewe au alimtuma dereva, sikuuliza. Sijamsamehe na sina haraka. Jiwe jeusi bado lipo na maneno yake yaleyale, dhahabu imeanza kubanduka kwenye M ya kwanza. Nimeambiwa Twilumba akipata ulanzi, ile pombe ya mianzi, anamimina kidogo kwenye tundu la kifuniko, kidogo anakunywa yeye, na majirani wanasema amechanganyikiwa. Hao majirani nao nina maneno yao.

Kwa hiyo mteja akija na simu yake, wajukuu zangu, usikimbilie mashine. Muulize maswali ya Bruda. Akikasirika, mwache akasirike. Akienda kwa mwingine, mwache aende. Lakini usikubali kuandika Mama Fulani halafu ukalala usingizi, wakati mtumwa aliyenunuliwa sokoni Roma ana jina na huyu hana.

Na tangu tuanze mmeniita Bibi, mmeniita Mama, mkidhani sisikii mmeniita Mama Makaburi. Mmeandika, mmenipiga picha, mmeninunulia soda. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Kisanduku changu nimekigawa, itabidi ninyi ndio mnichongee, basi chukueni kalamu. Mstari wa kwanza: SUBILAGA. Wa pili: MCHONGA MAJINA. Wa tatu mimi siwezi kuwaambia. Acheni nafasi, tuone nani atakuja.